Ziara ya tembo Bagamoyo mpaka Saadani: siku mbili na mzee ambaye inabidi mkamsikilize

Nliwaahidi watu kama watatu hivi kwamba nikirudi ntaandika ilivyokuwa, mwezi umepita sasa na bado kichwa kinarudi kulekule, basi ngoja niandike.

Ni ziara ya siku mbili, inauzwa hapa hapa Bagamoyo na kampuni moja ndogo ya vijana. Jina silitaji sababu kuna mambo ntawalalamikia humu na sitaki kumharibia mtu riziki, anayetaka aniulize pembeni ntamuelekeza. Siku ya kwanza mnatembea kwa miguu Mji Mkongwe kufuata njia ya pembe za ndovu, siku ya pili mnaamka alfajiri mnakwenda Saadani kuwatafuta tembo wenyewe. Tulilipa laki moja na sabini mtu mzima, mtoto elfu themanini, ndani yake usafiri, kiingilio cha hifadhi, chakula cha mchana na maji. Tulikuwa tisa kwenye Landkruza moja, wengi watu wa Dar, mi nlikwenda na mama yangu mzazi ana miaka sabini na moja na mwanangu wa darasa la nne. Kusema ukweli nilimlipia mtoto aone tembo apige picha basi, sikuwa na jingine.

Siku ya kwanza ilianza vibaya. Tumeambiwa saa mbili asubuhi tukutane Caravan Serai, gari na vijana wa kampuni wamefika saa tatu na robo, simu hawapokei, mama kakaa barazani na jua lishaanza kuchoma. Nalisema hili mapema kwa sababu ukienda na mtu mzima inabidi ulijue. Aliyefika kwa wakati ni muongoza wageni peke yake, mzee wa miaka sitini na kitu, kaja na baiskeli, nyuma kafunga mfuko wa turubai mrefu. Hata kabla wenzake hawajatokea kashamtafutia mama kiti na maji, kashaanza kuongea na sisi. Huyu mzee ndo sababu ya mimi kuandika, bila yeye ningekuwa nimelipa hela ya kupanda gari tu.

Ni askari wa wanyamapori mstaafu. Kaanza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, kipindi cha ile Operesheni Uhai ya 1989 jeshi lilipoingia maporini kupambana na majangili, afu akakaa Selous miaka mingi mpaka kastaafu karudi kwao Bagamoyo. Haongei kwa mbwembwe. Anaongea taratibu, anamuangalia mtu usoni, na ukimuuliza kitu asichokijua anakwambia sijui.

Ule mfuko wa turubai ndani ni mchanga, kaushona mwenyewe kwa umbo la pembe, uzito frasila mbili kamili, yaani kama kilo thelathini na mbili. Mnaambiwa muubebe begani kwa zamu kutoka Caravan Serai mpaka ufukweni, kule upande wa forodha ya zamani na soko la samaki. Mi nlifika hatua kama mia hivi bega likakataa. Ndo hapo anakwambia watu walitoka na mzigo kama huo Tabora, wengine Ujiji kule ziwani, miezi na miezi njiani, wapo wapagazi wa kulipwa wengi wao Wanyamwezi na wapo waliokuwa watumwa, na hapa Bagamoyo pembe zikipakiwa majahazini kuvushwa Unguja, kutoka Unguja zinakwenda India kuwa bangili, Ulaya na Marekani kuwa vitufe vya piano na vitana na mipira ya biliadi. Hiyo sisi wa huku tunaijua, tumefundishwa shule, mi nimezaliwa Dunda nimecheza kwenye magofu hayo tangu mtoto. Ila sijawahi kuubeba.

Mkishafika ufukweni anaulaza mfuko mchangani, anawaacha mpumue, afu anauliza, "Hili jino la nani?" Mmoja akasema la Mwarabu, mwingine la Mjerumani, dada mmoja akasema la serikali maana sheria inasema ni nyara za serikali, mwanangu akasema la tembo babu. Mzee akamgeukia, "Tembo gani? Dume au jike? Kaacha nani nyumbani?" Watu kimya. Mi nna miaka arobaini na mbili, nimeishi kwenye mji uliojengwa kwa pembe, na hilo swali sijawahi kujiuliza hata siku moja.

Afu ndo akaanza kueleza. Jino la tembo linakua maisha yake yote, kwahiyo zito ni la mzee, hamna namna nyingine. Jino la frasila mbili ni la dume mzee kabisa. Majike meno yao madogo, ila madume wakubwa wakishaisha jangili anashuka kwa majike, na hapo pia anaanza na mkubwa wao, yule bibi anayetembea mbele. Na ukimuua bibi, mzee anasema, hujaua mmoja.

Hapa ntakaa kidogo maana ndo kiini cha yote aliyotueleza siku mbili zile. Familia ya tembo ni ya majike: bibi, mabinti zake, wajukuu, wote pamoja na hawaachani mpaka kufa. Madume wakishabalehe, kwenye miaka kumi na miwili, kumi na minne hivi, wanaondoka wanakwenda kuishi na madume wenzao na kujifunza kwa wakubwa. Mimba ni miezi ishirini na miwili. Ndama ananyonya miaka, na si mama peke yake anayemlea, shangazi na dada zake na binamu wote wanamwangalia, akilia wanakimbilia watano. Bibi yeye kazi yake ni kujua. Anajua maji yapo wapi mwaka wa ukame, anajua familia zipi ni za kirafiki, anajua sauti ipi ni hatari. Kule Amboseli Kenya wamewafuatilia tangu 1972, familia kwa familia, na watafiti wakawapigia kwenye spika sauti za watu wakiongea: tembo wakisikia mwanaume wa Kimasai wanajikusanya na kuondoka, wakisikia mwanaume wa Kikamba, au mwanamke, au mtoto, hawana wasiwasi sana. Wanatofautisha lugha jamani. Maana Mmasai na mkuki wake wanamjua, na aliyewafundisha ni bibi.

Mama yangu akauliza swali ambalo mzee alilipenda sana, "Sasa bibi akishauawa, mdogo wangu, nani anawafundisha waliobaki?" Mzee akamwambia dada, hilo swali weka, kesho ntakujibu ukiwaona.

Chakula cha mchana siku ya kwanza kilikuwa kizuri, niseme haki yao, wali wa nazi na samaki wa kukaanga na kachumbari na juisi ya ukwaju, mama ntilie wao anajua kazi yake. Mchana tukapita Misheni na Boma ila hayo kila ziara inayo.

Siku ya pili tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, safari hii kwa wakati, tukavuka Ruvu tukapita Makurunge. Barabara vumbi tupu na mashimo, mwenye mgongo abebe mto. Getini foleni kidogo ya kontro namba afu mkaingia. Kwa asiyejua, Saadani ndo hifadhi yetu inayopakana na bahari, nusu huku kwetu Pwani nusu Tanga, kwahiyo unaweza ukaona twiga halafu upepo wa bahari unakupiga. Kuna boti ya Mto Wami, viboko na mamba, nzuri, ila tusubiri, hiyo sikuja kuisimulia.

Tembo tumewapata kwenye saa tatu. Mzee aliona kinyesi kibichi barabarani, akamwambia dereva zima, tukakaa kama dakika kumi bila kuongea. Wakatoka kichakani mmoja mmoja, wanane, ndama wawili. Mbele jike ana sikio la kushoto limechanika kama kanga ya zamani. Akasimama, mkonga juu, ananusa upande wetu. Wengine wote wakasimama nyuma yake, wale wadogo wakasukumwa katikati, yaani hukusikia sauti yoyote lakini wote wamejua. Mzee anasema wanaongea kwa sauti nzito mno sikio letu haliwezi kuipata, na inafika kilomita kadhaa.

Afu ndo lalamiko langu kubwa. Abiria mmoja alitaka picha ya karibu ya ndama, akamnong'oneza dereva, na dereva akawasha gari akasogea, mzee kamwambia usisogee na bado kasogea. Nna uhakika kilichomsogeza ni bakshishi. Yule jike akafungua masikio yote mawili, akatikisa kichwa vumbi likaruka, akaja hatua tatu nne kwetu. Mwanangu akanishika mkono akabana. Kwenye shavu la mwenzake mmoja nikaona michirizi inashuka kati ya jicho na sikio, nikadhani machozi, mzee akatwambia baadae ni tezi, tembo akipata taharuki au akifurahi sana inatoa maji. Dereva akarudi nyuma haraka, wao wakageuka wakaingia msituni mbio, ndama wanakimbizwa katikati, na mmoja wa kati akabaki nyuma peke yake anatuangalia mpaka wa mwisho kaingia, ndo naye akaenda.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa kimya dakika kadhaa afu akamwambia dereva, mbele yetu wote, "Mwanangu, hawa wamefukuzwa na gari lenye bunduki. We kwao huna tofauti." Ndo kampuni ielewe hapa: msimamizi wa gari awe mzee, si dereva, na abiria wasaini mapema kwamba hakuna kusogelea familia yenye ndama. Hii wakiirekebisha nawapa nyota tano kesho asubuhi.

Tukasogea mbali, chini ya mti, na hapo mzee akamjibu mama swali lake la jana. Nitajaribu kuandika kama alivyosema. "Dada, yule wa sikio, mimi namkisia ana miaka thelathini au zaidi kidogo. Kwenye familia ambayo haijaguswa, bibi anakuwa na hamsini na kitu, sitini. Yule ni mama mdogo, kapewa ubibi kabla ya wakati wake." Mama yangu akatikisa kichwa, akasema kama dada yangu. Bibi yangu mzaa mama alifariki mama ana miaka saba, na aliyewalea wanne waliobaki ni dada yao wa miaka kumi na minne. Hii stori ya nyumbani tunaijua lakini sijawahi kumsikia mama akiisema mbele ya watu wasio ndugu, alisema tu, "Alitulea, ila alikuwa muoga wa kila kitu. Mlango ukigongwa usiku anatuficha wote chini ya kitanda." Mzee akasema ndiyo, hivyohivyo.

Afu akatoa mfano wa Mikumi, na huu ndo umenikaa zaidi maana wale tembo wa Mikumi wote tunawajua, tunawaona kwenye dirisha la basi la Iringa na Mbeya tunapiga picha tunaendelea na karanga zetu. Kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku duniani mwaka 1989 Mikumi waliuliwa sana, hasa majike wazee. Watafiti, mmoja wao profesa Mutayoba wa Sokoine pale Morogoro, wakaenda kati ya 2003 na 2005 kukusanya kinyesi cha majike 218 kutoka makundi 109, wakapima homoni za msongo na vinasaba vya undugu. Kumbuka hapo ujangili ule umeshapita miaka kama kumi na mitano. Wakakuta majike wanaoishi kwenye makundi yasiyo na bibi wala ndugu wa karibu, yaani mabaki ya familia mbalimbali yaliyojikusanya pamoja, msongo wao uko juu kuliko wenzao, na wanazaa kidogo ingawa wapo kwenye umri mzuri wa kuzaa. Na wale wanaopita maeneo ambayo zamani yalikuwa ya hatari bado wana msongo zaidi. Miaka kumi na mitano! Mzee anasema mwili haujaambiwa kwamba vita vimeisha.

Na Tarangire mwaka 1993, ukame mkali, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa ndani ya miezi tisa. Koo zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho ziliokoa watoto wao zaidi, na ukoo uliobaki palepale ulipoteza wengi, na ndo ule ambao ujangili ulishamaliza majike wake wakubwa. Hakuwepo wa kukumbuka ukame wa zamani watu walikwenda wapi. Mimi nikiisoma hii tena nyumbani nlikaa kimya, kwa sababu hao ndama hawakuguswa na risasi hata moja, risasi ilipigwa miaka kabla hawajazaliwa.

Kijana mmoja wa Dar akauliza na madume je. Mzee akamsimulia Pilanesberg kule Afrika Kusini, walipelekwa ndama yatima ambao familia zao ziliuliwa na serikali kule Kruger kupunguza idadi, wakakua bila mkubwa yeyote, na miaka ya tisini wale madume vijana wakaanza kuwaua faru, zaidi ya arobaini, kitu ambacho tembo hafanyi. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger, na vurugu ikakoma. Hawakufungwa wala kupigwa, walipata tu wakubwa wao. Huyo kijana hakuuliza tena, aliandika kwenye simu.

Sikutegemea mzee angesema mambo yake mwenyewe ila mwanangu alimuuliza moja kwa moja, "Babu we ulishaona aliyekufa?" Akasema wengi. Kwenye miaka ile mibaya, nchi nzima tulikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009, ilipofika 2014 wakahesabiwa 43,330, na Selous ndo ilikuwa kitovu, sensa ya 2013 ikakuta kama 13,000 tu kwenye pori ambalo miaka ya sabini lilikuwa na zaidi ya laki. Akasema siku moja walisikia ndege wengi wakafuata, wakakuta jike kakatwa uso kwa shoka, siku mbili au tatu hivi, na ndama wake kasimama pembeni anasukuma bega la mama kwa paji la uso. Wakijaribu kumsogelea anakuja kuwafukuza, afu anarudi palepale. Wamekaa naye mpaka jioni. Hakusema ndama aliishia wapi, na kwa uso wake hakuna aliyeuliza. Mama alimpa maji.

Kilichonishangaza ni kwamba hata mifupa wanaijua. Amboseli watafiti waliwawekea tembo fuvu la tembo, la faru na la nyati, wakakaa zaidi kwenye la tembo, na walipowekewa pembe ya ndovu na kipande cha mbao, pembe ndo waliyoikumbatia kwa mikonga na kuigusa kwa miguu taratibu. Maana ukimjua mtu kwa meno yake, anayeishi naye, ukayakuta yako peke yake chini, unajua. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, Samburu na Amboseli, walichukua sauti 469 wakazipitisha kwenye kompyuta, wakakuta tembo wanaitana kwa majina, kila mmoja na mlio wake. Waliporudia kumpigia mmoja mlio wa kuitwa yeye, akaja. Mzee alipomaliza hapo mwanangu akauliza kwahiyo yule mama aliyekufa watoto bado wanamuita? Mzee kamwambia sijui mjukuu wangu. Sijui yake ilikuwa nzito.

Baada ya kula (lanchi boksi ya siku ya pili haikuwa nzuri, chapati ngumu, yai moja, ndizi, na maji yaliisha saa saba mchana kwenye joto lile, na darubini ni moja kwa watu tisa, haya rekebisheni) tukaenda kwa upande mwingine na Mungu si Athumani tukawakuta tena. Safari hii dereva alizima mbali sana bila kuambiwa, niseme na hilo, alijifunza siku hiyohiyo. Walikuwa kwenye dimbwi. Ndama mdogo kabisa alikuwa anateleza kwenye tope hawezi kupanda, analala chali, anajaribu tena, na yule wa sikio akashuka akamuwekea mguu nyuma ya makalio akamsukuma juu, ndama kafika akaenda moja kwa moja kumsukuma mwenzake aanguke. Watu tukacheka kwa mikono midomoni. Tulikaa hapo saa nzima na hakuna aliyetaka kuondoka, hata wale waliokuja kupiga picha waliweka simu chini. Mzee hakueleza chochote saa nzima ile.

Kurudi njiani nikamuuliza sa hizi hali ikoje. Akasema ujangili ule mkubwa umepungua, China walifunga soko lao la pembe mwishoni mwa 2017, yule mama wa Kichina aliyeitwa Malkia wa Pembe, Yang Fenglan, akahukumiwa miaka kumi na mitano Kisutu mwaka 2019, askari wamejipanga, idadi inapanda. Ila kila mara ukimuuliza idadi anakurudisha kwenye umri. Tembo wakiongezeka ni watoto wanaoongezeka, bibi hatengenezwi kwa mwaka mmoja, unamsubiri miaka hamsini. Kwahiyo familia kama ile ya sikio tuiache itulie ikue, na wakiingia mashambani kwa watu wa Makurunge na Mkwaja tukumbuke kwamba anayewaongoza ni mtoto wa watu anayejitafutia, na mkulima naye asiachwe peke yake na hasara yake. Mi nakubaliana naye yote. Mkulima aliyelala shambani na debe la kupiga usiku kucha huwezi kumwambia habari ya hisia za tembo kabla hujamsaidia uzio wa pilipili au mizinga ya nyuki.

Kwahiyo kwa anayeuliza kama inafaa: inafaa, nendeni, na mpeleke watoto kuanzia darasa la tatu hivi, chini ya hapo siku ni ndefu. Ombeni muwe na huyo mzee, maana nasikia siku nyingine wanatoa kijana ambaye anajua kutaja majina ya wanyama tu. Nendeni kiangazi, Juni mpaka Oktoba, masika udongo wa kule mweusi gari linazama. Bebeni maji yenu na darubini kama mnayo. Mkifika kwenye tembo msimpe dereva hela ya kusogea, mpeni mwisho wa safari kama amekaa mbali. Nyota nne.

Mama tangu turudi kafungua kikopo jikoni anaweka hela humo, elfu mbili, elfu tano. Anataka twende tena mwezi wa nane. Mwanangu alimuuliza bibi kwani hujatosheka, akamwambia nataka nimuone yule wa sikio kama watoto wote wawili bado anao.